Selimundu: Herufi moja ya urithi inayobeba ugonjwa na kinga

Mtoto huzaliwa akiwa mzima, akanyonya vizuri na kuongezeka uzito. Anapokaribia miezi sita, vidole vya mikono na miguu vinavimba, analia usiku kucha, na macho yake yanageuka manjano. Katika familia nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati, swali la kwanza linaloulizwa baada ya vipimo si la tiba bali ni la lawama: ugonjwa huu umetoka ukoo wa nani?

Sayansi ya urithi inalo jibu la swali hilo, nalo ni fupi: umetoka pande zote mbili. Hata hivyo, nyuma ya jibu hilo fupi ipo habari ndefu zaidi, ya jinsi jeni zinavyorithiwa, jinsi mwili unavyoziwasha na kuzizima, na jinsi zinavyobadilika kadiri vizazi vinavyopita. Ugonjwa wa selimundu, unaojulikana zaidi nchini Uganda kwa jina la sikoseli na katika nchi zinazotumia Kifaransa kwa jina la drepanositozi, unazieleza hatua zote tatu kwa mfano ambao watu wengi wa eneo hili wanaubeba katika damu yao.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2023 katika jarida la kitabibu la The Lancet Haematology yalionyesha kwamba watoto wapatao 515,000 walizaliwa na selimundu duniani mwaka 2021, na kwamba zaidi ya robo tatu yao walizaliwa Afrika kusini mwa Sahara. Nchini Uganda, watafiti walipima damu ya watoto wachanga 97,631 kutoka wilaya zote, wakitumia matone ya damu yaliyokwisha kuchukuliwa kwa ajili ya kipimo cha virusi vya UKIMWI. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2016, yalikuwa kwamba asilimia 13.3 ya watoto hao walibeba jeni ya selimundu bila kuugua, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Kwa maneno mengine, katika kila watoto 1,000, watoto 7 walikuwa wagonjwa na zaidi ya 130 walikuwa wabebaji.

Kosa la herufi moja

Karibu kila seli ya mwili wa binadamu ina nyuzi nyembamba ziitwazo kromosomu. Nyuzi hizo ni 46, nazo zimepangwa jozi 23. Katika kila jozi, uzi mmoja hutoka kwa baba na mwingine kwa mama. Juu ya nyuzi hizo yameandikwa maelekezo ya kuujenga na kuuendesha mwili, kwa maandishi ya kikemia yenye herufi nne tu, ambazo wanasayansi huziandika A, T, G na C. Herufi hizo ni takriban bilioni 3 katika kila seti inayotoka kwa mzazi mmoja. Jeni ni kipande cha maandishi hayo chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, na mara nyingi kitu hicho ni protini. Binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000.

Maandishi hayo si ya binadamu peke yake. Mgomba ulio nyuma ya nyumba, ng'ombe wa Ankole, chachu inayoumua unga na kimelea cha malaria vyote hutumia herufi hizohizo nne. Kinachovitofautisha ni mpangilio wa herufi, pamoja na wakati na mahali ambapo kila jeni inatumika.

Jeni inayohusika na selimundu imo katika kromosomu ya 11. Kazi yake ni kutoa maelekezo ya kutengeneza sehemu moja ya himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Sehemu hiyo inaitwa beta, nayo ni mnyororo wa asidi amino 146. Kwa mtu mwenye selimundu, herufi moja katika jeni hiyo, A, imebadilika kuwa T. Kwa sababu hiyo, asidi amino ya sita katika mnyororo, ambayo ilipaswa kuwa asidi glutamiki, inakuwa valini. Tofauti iliyopo ni hiyo tu.

Matokeo yake, hata hivyo, ni makubwa. Himoglobini yenye kosa hilo, iitwayo himoglobini S, inapokwisha kuachia oksijeni hunatana na nyenziye na kufanya vijiti virefu vigumu ndani ya chembe nyekundu ya damu. Chembe hiyo, ambayo kwa kawaida ni ya mviringo na laini, hupinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Ndiyo maana Kiswahili kikauita ugonjwa huu selimundu. Chembe zilizopinda hukwama katika mishipa midogo, na viungo vilivyokosa damu huleta maumivu makali. Aidha, chembe ya kawaida huishi takriban siku 120, ilhali ile yenye ugonjwa huishi siku 10 hadi 20 hivi. Mwili hushindwa kufidia upungufu huo, na hapo ndipo hutokea upungufu wa damu na macho ya manjano. Bandama, kiungo kinachochuja vijidudu katika damu, huharibika mapema, na mtoto hubaki bila ulinzi dhidi ya maambukizi kama nimonia. Wengine hupata kiharusi wakiwa bado watoto.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitabibu ya nchi za Magharibi mwaka 1910, pale daktari James Herrick wa Chicago alipochapisha habari za mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada ambaye chembe zake za damu zilikuwa na umbo la mundu. Mwaka 1949, mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tofauti imo katika himoglobini yenyewe. Miaka michache baadaye, Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge nchini Uingereza, alibaini kwamba ni asidi amino moja tu iliyobadilika. Selimundu ukawa ugonjwa wa kwanza wa kurithi kuelezwa hadi kwenye kiini cha protini.

Kila mimba ni kura mpya

Kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili za jeni ya beta, moja ya baba na moja ya mama, zipo hali tatu kuu. Mwenye nakala mbili za kawaida huitwa AA. Mwenye nakala moja ya kawaida na moja ya selimundu huitwa AS, naye ni mbebaji. Mwenye nakala mbili za selimundu huitwa SS, naye ndiye mgonjwa. Zipo pia aina nyingine za himoglobini, kama vile C inayopatikana zaidi Afrika Magharibi, ambazo zikikutana na S huleta ugonjwa wa jamii hiyohiyo.

Mbebaji kwa kawaida huishi maisha yake yote bila dalili, kwa kuwa ile nakala moja ya kawaida inatosha. Si nusu mgonjwa, wala AS haigeuki kuwa SS kwa kupita kwa miaka. Hapa ndipo methali isemayo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka inapokosa kueleza mambo: wazazi wawili wenye afya njema, ambao hawajawahi kulazwa hospitalini, wanaweza kumzaa mtoto mwenye ugonjwa ambao hakuna aliyewahi kuuona katika nyumba zao.

Mwanamume wa AS na mwanamke wa AS wanapotunga mimba, kila mmoja humpa mtoto nakala moja tu kati ya zake mbili, na hakuna anayechagua ni ipi. Uwezekano wa mtoto kuwa SS ni mmoja kati ya minne. Kuwa AS, miwili kati ya minne. Na kuwa AA, mmoja kati ya minne. Baadhi ya wazazi huielewa hesabu hii kwamba, wakishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Hilo ni kosa. Kila mimba ni kura mpya, na kura iliyopita haihesabiwi. Familia yenye watoto wanne inaweza kuwa na wagonjwa watatu, na nyingine yenye watoto wanane ikawa haina hata mmoja.

Mzazi mmoja akiwa AS na mwenzake AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS, ingawa kila mtoto ana uwezekano wa nusu wa kuwa mbebaji. Mtu mzima mwenye SS akizaa na mwenza wa AA, watoto wao wote watakuwa wabebaji na hakuna atakayeugua. Kwa hiyo si kweli kwamba mgonjwa wa selimundu hawezi kuwa na watoto wenye afya.

Maelezo hayo yanaondoa lawama ambazo mara nyingi humwangukia mama. Mtoto wa SS amepokea nakala moja kutoka kwa kila mzazi, na hakuna dhambi, uchawi wala chakula cha wakati wa ujauzito kinachoweza kuandika herufi hiyo katika damu yake.

Mkanganyiko wa aina mbili hujitokeza mara kwa mara. Wa kwanza ni wa kuchanganya kundi la damu na aina ya himoglobini. Mtu anayeambiwa kwamba kundi lake la damu ni A hajaambiwa lolote kuhusu kuwa AA au AS. Hivyo ni vipimo viwili tofauti. Wa pili ni wa kuridhika na kipimo chepesi kinachoonyesha tu kama himoglobini S imo katika damu. Kipimo hicho hakimtenganishi mbebaji na mgonjwa, na hakifai kwa mtoto mchanga. Jibu kamili hutokana na kipimo kinachozitenganisha aina za himoglobini, kinachofanywa katika maabara, au kwa vifaa vidogo vya kisasa vinavyotoa majibu papo hapo.

Kwa nini jeni hii haikutoweka

Ikiwa jeni ya selimundu huua watoto kabla hawajazaa, ilipaswa kupungua kila kizazi hadi kutoweka. Badala yake, katika baadhi ya maeneo imeenea mno. Mwaka 1949, watafiti Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha matokeo ya vipimo vya damu katika jamii mbalimbali za Uganda. Miongoni mwa Baamba wa Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori kwenye mpaka wa Kongo, walikuta zaidi ya watu 4 kati ya kila 10 wakiwa wabebaji. Katika jamii nyingine za nchi hiyohiyo, wabebaji walikuwa wachache sana.

Aliyetegua kitendawili hicho ni Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya. Alipopima damu za watu katika sehemu mbalimbali za Kenya, aliona kwamba wabebaji walikuwa wengi katika mwambao wa bahari na kandokando ya Ziwa Victoria, na walikuwa nadra katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani ya jeni ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha vipimo vya watoto 290 wa Buganda. Miongoni mwa watoto 43 waliobeba jeni ya selimundu, 12 walikuwa na vimelea vya malaria katika damu; miongoni mwa 247 wasioibeba, walikuwa 113. Hiyo ni asilimia 28 ikilinganishwa na asilimia 46.

Tafiti zilizofuata zilithibitisha wazo lake. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walikuta kwamba hali ya AS humkinga mtoto na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Kinga hiyo si kamili, na mbebaji bado anaweza kuugua malaria. Lakini vimelea havistawi vizuri katika chembe zake, na mwili huziondoa upesi chembe zilizoambukizwa.

Basi herufi ileile ina sura mbili. Ikirithiwa mara mbili, inaleta ugonjwa. Ikirithiwa mara moja, inamvusha mtoto katika miaka ambayo malaria huua zaidi. Katika nchi yenye mbu wengi, wabebaji waliishi na kuzaa kuliko wengine, na jeni ikaendelea kurithishwa ijapokuwa gharama yake ililipwa na watoto wa SS.

Wataalamu Daniel Shriner na Charles Rotimi, katika uchambuzi wao wa mwaka 2018, walikadiria kwamba badiliko hilo lilitokea kwa mtu mmoja barani Afrika yapata miaka 7,300 iliyopita. Kutoka hapo lilisafiri pamoja na watu: wakulima waliohamia kusini na mashariki, wafanyabiashara, na mamilioni waliochukuliwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki na ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Leo jeni hiyo ipo Marekani, Brazili, Oman, Saudi Arabia, India, Ugiriki na Sicily. Si jeni ya rangi ya ngozi wala ya kabila. Ni alama ya mahali ambapo mababu wa watu waliishi na malaria.

Kimelea nacho hubadilika

Mabadiliko ya jeni hayaelekezwi na haja. Seli inapojigawa hunakili maandishi yake yote, na katika kunakili, mara chache, herufi hukosewa. Makosa mengi hayana athari yoyote, baadhi hudhuru, machache husaidia, na mazingira ndiyo huamua lipi libaki. Kanuni hiyo haimpendelei binadamu.

Kimelea cha malaria nacho kina jeni, na huzaliana kwa kasi isiyolinganishwa na ya watu. Mwaka 2020, watafiti walitangaza kwamba nchini Rwanda walikuta vimelea vyenye badiliko katika jeni iitwayo kelch13, linalopunguza nguvu ya dawa ya artemisinini. Mwaka 2021, mabadiliko mengine katika jeni hiyohiyo yaliripotiwa kaskazini mwa Uganda, ambako vimelea vilichelewa kutoweka katika damu ya baadhi ya wagonjwa. Dawa mseto bado huwaponya walio wengi, lakini wataalamu wa afya wanazifuatilia habari hizo kwa makini. Iliwachukua binadamu vizazi vingi hadi jeni ya selimundu kuenea. Kimelea kinahitaji miaka michache tu.

Jeni huwashwa na kuzimwa

Kurithi jeni si sawa na kuitumia. Seli ya jicho ina jeni ya himoglobini sawa na seli iliyo katika uboho wa mifupa, lakini jicho halitengenezi himoglobini. Katika kila seli, jeni zinazohitajika huwashwa na zisizohitajika huzimwa. Kazi hiyo hufanywa na protini maalumu zinazoshika sehemu fulani za maandishi, sehemu zinazofanya kazi kama swichi ya taa.

Wafugaji wanatoa mfano ulio wazi. Kwa watu wengi duniani, jeni ya kutengeneza kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hufifia baada ya utoto, na maziwa mabichi huwasumbua tumboni. Mwaka 2007, timu iliyoongozwa na Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti uliofanywa kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulioonyesha kwamba baadhi ya jamii zenye asili ya ufugaji zimerithi mabadiliko yanayoiacha jeni hiyo ikiwaka maisha yote. Badiliko halimo katika maelekezo ya kimeng'enya chenyewe. Limo kwenye swichi yake. Tena ni tofauti na lile la watu wa Ulaya, maana yake kila upande ulilipata kwa njia yake.

Swichi hiyohiyo inaeleza kwa nini selimundu husubiri miezi kadhaa kabla ya kujidhihirisha. Akiwa tumboni, mtoto hatumii himoglobini ya mtu mzima. Hutumia himoglobini ya kijusi, ambayo huvuta oksijeni kutoka katika damu ya mama kwa nguvu zaidi, na ambayo haihusiani na ile jeni ya beta yenye kosa. Baada ya kuzaliwa, jeni ya himoglobini ya kijusi huzimwa polepole na jeni ya beta huchukua nafasi yake. Kufikia miezi sita, mabadilishano hayo yamekaribia kukamilika. Kwa mtoto wa SS, ndipo chembe zinapoanza kupinda.

Daktari Janet Watson wa New York alilidokeza jambo hilo mwaka 1948, alipoona kwamba damu ya watoto wachanga wenye ugonjwa haikuwa na chembe nyingi zilizopinda. Baadaye ikaonekana kwamba baadhi ya wagonjwa wa mashariki mwa Saudi Arabia na wa India, ambao huendelea kuwa na himoglobini ya kijusi kwa wingi hata ukubwani, huugua kwa nafuu zaidi. Mnamo mwaka 2008, watafiti walitambua kwamba protini iitwayo BCL11A ndiyo mojawapo ya vizimio vikuu vya jeni hiyo. Swali likawa moja: je, yawezekana kuiwasha tena swichi iliyozimwa?

Kidonge na mkasi

Zipo njia mbili za kufanya hivyo, na umbali kati yake ni mkubwa.

Ya kwanza ni dawa ya kumeza iitwayo haidroksiyurea, ambayo huongeza himoglobini ya kijusi katika damu. Kwa muda mrefu palikuwa na wasiwasi kwamba dawa hiyo ingewadhuru watoto wa Afrika, hasa kwa kuwapunguzia kinga dhidi ya malaria. Utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 10, uliochapishwa katika The New England Journal of Medicine, ulitoa jibu. Watoto 606 walipewa dawa. Matukio ya maumivu yalipungua, malaria ikapungua, haja ya kuongezewa damu ikapungua, na vifo vikapungua. Dawa hiyo haiponyi. Hutumiwa kila siku, na mgonjwa anapaswa kupimwa damu mara kwa mara. Hata hivyo, ni tiba inayoweza kutolewa katika hospitali ya kawaida.

Njia ya pili ni kuhariri jeni zenyewe. Teknolojia iitwayo CRISPR, iliyowapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020, ilitokana na mfumo ambao bakteria huutumia kuzikatakata jeni za virusi vinavyowashambulia. Madaktari huchukua seli mama za uboho wa mgonjwa, huikata sehemu inayoiwasha BCL11A katika chembe nyekundu, kisha huzirudisha seli hizo mwilini. Kizimio kikidhoofika, himoglobini ya kijusi hurejea. Kosa la herufi katika jeni ya beta halirekebishwi, linafunikwa tu. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo, iitwayo Casgevy, mwezi Novemba 2023, na Marekani mwezi Disemba mwaka huohuo.

Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali za kuusafisha uboho wa zamani, na hukaa hospitalini kwa wiki kadhaa. Nchini Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa mzazi wa Bundibugyo, Kinshasa au Bujumbura, bei hiyo ni sawa na kuambiwa kwamba tiba haipo.

Jambo jingine husahaulika. Uhariri huo hufanywa katika seli za damu, si katika mbegu za uzazi. Mgonjwa wa SS aliyepata nafuu kwa njia hiyo bado atampa kila mtoto wake nakala moja ya selimundu, kama alivyoipokea kwa wazazi wake. Tiba inabadilisha maisha ya mtu mmoja. Mkondo wa urithi unabaki ulivyokuwa.

Yanayowezekana leo

Makadirio yanaonyesha kwamba, pasipo huduma, zaidi ya nusu ya watoto wenye selimundu Afrika hufariki kabla ya kutimiza miaka 5. Wengi hufa kabla ugonjwa wao haujajulikana, na vifo vyao huhesabiwa kuwa vya malaria, nimonia au upungufu wa damu. Hata hivyo, mambo yanayopunguza vifo hivyo hayahitaji mkasi wa jeni. Mtoto akipimwa siku za mwanzo za maisha, anaweza kuanzishiwa penisilini ya kila siku, ambayo utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba hupunguza maambukizi hatari ya damu kwa zaidi ya asilimia 80. Anaweza kupewa chanjo kwa wakati, kulala ndani ya chandarua, kupewa dawa ya kuzuia malaria na kunywa maji ya kutosha. Mzazi anayejua hali ya mwanawe anajua pia kwamba homa ya mtoto huyo haisubiri asubuhi. Ni ya kupelekwa hospitali mara moja.

Kwa vijana wanaopanga kuoana, kipimo cha himoglobini hutoa taarifa, si amri. Wapo wachumba wa AS wanaoamua kuachana, na wapo wanaooana wakijua kila mimba ina uwezekano gani, wakajipanga kumpima mtoto mara tu anapozaliwa. Washauri wa afya husisitiza kwamba uamuzi ni wa wawili hao, na kwamba majibu ni siri yao. Kinachopaswa kuepukwa ni kuijua hali hiyo kwa mara ya kwanza usiku ambao mtoto anavimba vidole.

Kila mtu amebeba maandishi ambayo hakuyaandika, na wazazi wake nao hawakuyaandika. Kwa hiyo swali la ukoo upi umeleta ugonjwa halina faida kwa mtoto aliyelala mgonjwa. Linalomfaa ni iwapo amepimwa, anatumia dawa zipi, na ni nani atakayemfikisha hospitali homa ikianza.